Kuishi na Parkinson Tanga Wakati Unangoja Upasuaji

Mgonjwa wa Parkinson anapoambiwa kwamba jina lake limepelekwa kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo, aghalabu watu wa nyumbani huanza kuhesabu miezi, na mengine yote huwekwa kando kana kwamba tiba itaanza siku ya upasuaji. Ukweli ni kwamba upasuaji huu una kanuni moja ambayo familia inapaswa kuijua kabla haijaanza kuchangisha nauli. Ukiacha mitetemo, ambayo wakati mwingine hutulia kwa upasuaji hata pale dawa iliposhindwa, kwa kawaida upasuaji haumpi mgonjwa hali bora kuliko ile anayokuwa nayo dawa inaposhika sawasawa. Unachofanya ni kumrefushia saa za hali hiyo na kumpunguzia zile za kukakamaa, pamoja na miruko ya mwili inayoletwa na dawa yenyewe. Kwa hiyo anayengoja ana kazi: kuijua saa yake nzuri, kuilinda, na kufika mbele ya madaktari akiwa na ushahidi wake mkononi.

Ugonjwa unatokana na kufa kwa seli zilizo ndani kabisa ya ubongo, ambazo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendeleza bila kukwama. James Parkinson, tabibu wa London, aliueleza mwaka 1817, lakini huku kwetu bado mtu anayetetemeka na kuburuta mguu husemwa kuwa ana kiharusi, au ni uzee, au amerogwa. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kutambuliwa na hospitali yoyote. Ikiwa mzee wako hajawahi kuonwa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na uombe barua ya kwenda Muhimbili au kwa bingwa mwingine, kwa sababu si kila mtetemo ni Parkinson. Kuna dawa zinazoleta dalili zile zile, na mtu wa namna hiyo huhitaji kuachishwa dawa hizo kwa usimamizi wa daktari, si kupasuliwa.

Katika upasuaji unaozungumzwa zaidi leo, nyaya nyembamba hupitishwa kwenye fuvu hadi kwenye kiini kidogo cha ubongo, kisha huunganishwa na kifaa chenye betri kinachofukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Kifaa hicho hutuma umeme mdogo mchana na usiku. Njia hii ilianza kupata umbo lake la sasa mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, mikononi mwa Alim Louis Benabid, na Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa wa Parkinson mwaka 2002. Haiponyi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea. Haisaidii kumbukumbu iliyopotea, haisaidii sana mizani ya mwili ambayo dawa haikuirekebisha, na sauti iliyofifia inaweza hata kufifia zaidi. Nayataja haya mapema kwa sababu nimeona familia ikiuza shamba kwa matumaini kwamba baba atazungumza tena kama zamani, ilhali tatizo lake kubwa lilikuwa sauti na kumeza.

Saa ya dawa

Dawa kuu ni levodopa, ambayo kwenye kidonge huchanganywa na karbidopa au benserazidi ili ifike kwenye ubongo kabla haijaishia njiani. Kadiri miaka inavyopita, kila dozi hushika kwa muda mfupi zaidi, na hapo ndipo dakika ishirini za kuchelewa zinapoanza kuonekana mwilini. Wazee wetu wengi wamezoea kupanga siku kwa swala, na hakuna ubaya kuitumia adhana kama kumbusho, lakini dozi zifuate saa zilizoandikwa na daktari. Akiandikiwa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, basi ni saa hizo, na simu ya mjukuu ipigwe kengele kwa kila moja.

Chakula ndicho kinachowaangusha wengi bila wao kujua. Protini na levodopa hutumia mlango mmoja kutoka kwenye utumbo kuingia kwenye damu, na tena kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, na zikifika pamoja dawa hubaki nje. Sasa tazama kifungua kinywa cha Tanga: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa. Mbaazi na maziwa zina protini nyingi, na mzee akimeza kidonge katikati ya sahani hiyo, ataketi barazani hadi saa 4 akisema kwamba dawa siku hizi ni mbovu. Kidonge kimezwe kwa glasi ya maji nusu saa kabla ya kula, au saa nzima baada ya kula. Kikimletea kichefuchefu, ale nacho kipande kidogo cha muhogo wa kuchemsha au ndizi. Mbaazi, samaki na maharage asinyimwe, maana wagonjwa hawa hupungua uzito kwa urahisi. Zihamishiwe tu chakula cha jioni, ambapo dawa ikichelewa kushika hasara yake ni ndogo. Vidonge vya kuongeza damu navyo huishika levodopa tumboni, kwa hiyo vipishane nayo kwa saa mbili au zaidi.

Usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako, hata kwa siku moja, kwa sababu yoyote ile. Mgonjwa aliyekatishwa levodopa kwa ghafla anaweza kupata homa kali, kukakamaa mwili mzima na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huua. Hii ina maana ya kununua dawa kabla ya kopo kuisha, kwa sababu duka la dawa la mtaani huenda lisiwe nayo wiki unayoihitaji. Ina maana pia kwamba mgonjwa akilazwa kwa malaria au jambo jingine, dawa zake na ratiba yake viende naye wodini, na mtu wa familia amweleze muuguzi kwa adabu lakini bila kuchoka kwamba dawa hizi hazingoji mzunguko wa jioni.

Zipo dawa ambazo mgonjwa huyu hapaswi kupewa, na baadhi yake ni za kawaida mno. Ya kwanza ni metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Plasil. Nyingine ni sinarizini, ambayo wazee huandikiwa kwa kizunguzungu, na haloperidoli na klorpromazini, ambazo hutolewa mtu anapochanganyikiwa. Zote huzuia dopamini, ile ile ambayo mgonjwa hana ya kutosha. Andika majina hayo kwa herufi kubwa kwenye jalada la nyuma la daftari la kliniki. Bensheksoli, ambayo hutolewa sana kwa ajili ya mtetemo kwa kuwa ni rahisi kupatikana, si katazo, ila kwa mtu mwenye umri mkubwa huleta usahaulifu, mkojo kuziba na kuona vitu visivyokuwepo, kwa hiyo daktari aulizwe kama bado inahitajika.

Kuhusu upupu nitasema kidogo, kwa sababu najua utatajwa. Ni kweli kwamba mbegu za mmea huo unaotuwasha shambani zina levodopa ya asili, na tiba ya jadi ya India imezitumia tangu zamani. Tatizo ni kwamba kijiko cha unga wake hakina kipimo kinachojulikana, na ukichanganywa na vidonge huweza kuleta miruko, kutapika na kushuka kwa presha. Anayengoja upasuaji ana sababu moja zaidi ya kujizuia, kwani madaktari hawataweza kupima ni kiasi gani dawa inamsaidia ikiwa sehemu ya dawa imetoka kwenye kikombe cha mganga. Kama tayari anaitumia, waambiwe wazi.

Ipo pia athari ambayo familia huificha kwa aibu. Dawa za kundi la pramipeksoli zinaweza kumtia mtu mtima tamaa asiokuwa nao, na mzee aliyekuwa mtulivu akaanza kubeti kwenye simu usiku kucha, kununua vitu ovyo, au kusumbua wanawake. Hiyo ni dawa inayofanya kazi mahali pasipotakiwa, na daktari anaweza kuipunguza taratibu. Akinyamaziwa, fedha za upasuaji zinaweza kwisha kwenye mikeka ya kubeti.

Daftari

Nunua daftari la kawaida la shule na uchore mistari ya saa, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Kila saa iandikwe mojawapo ya hali tatu: dawa imeshika, dawa imekata, au mwili unaruka. Pembeni iandikwe saa kidonge kilipomezwa, saa alipokula, na kama ameanguka. Si lazima iwe kila siku ya mwaka. Siku chache mfululizo kila mwezi, na wiki nzima kabla ya kliniki, zinatosha kumwonyesha daktari kile ambacho hawezi kukiona kwa dakika kumi za chumba cha mashauriano, ambamo kila mgonjwa hujikaza akaonekana mzima. Mara nyingi daftari hilo huonyesha kwamba dozi inakata nusu saa kabla ya inayofuata, na daktari akizisogeza karibu mgonjwa hupata saa kadhaa za nafuu bila kisu.

Kwa simu, mrekodi akitembea, akigeuka, akinyanyuka kwenye kiti na akifungua na kufumba vidole, mara moja dawa ikiwa imekata na mara moja ikiwa imeshika. Mwombe ruhusa kwanza. Baba wa watu hapendi kuonekana akikokotwa, na picha hiyo isiishie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nyumbani na mtaani

Ami yangu, mkazi wa Ngamiani, hugandia penye kizingiti cha kutoka sebuleni kwenda uani. Miguu hukataa, kiwiliwili kinaendelea mbele, na hapo ndipo mtu huanguka. Tulikuwa tukimvuta mkono, jambo ambalo humzidishia. Mtaalamu wa mazoezi tiba alituelekeza tuchore mistari ya chaki sakafuni, iliyopishana kwa hatua moja, kabla ya kizingiti na baada yake. Mjukuu wake sasa husimama pembeni na kumwambia, "Babu, vuka mstari," naye hujibu, "Navuka, mama," na mguu unanyanyuka. Sababu yake ni kwamba mwendo unaoongozwa na macho hupita njia nyingine ya ubongo, tofauti na ule wa mazoea ulioharibika. Asiyekuwa na chaki anaweza kuhesabu kwa sauti au kupiga hatua za kupanda ngazi mahali pale pale kabla ya kusonga.

Kwa mji wa baiskeli kama huu wetu, inafaa kujua kwamba mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walieleza habari za mgonjwa wa miaka 58 ambaye hakuweza kutembea bila kuganda, lakini akipandishwa baiskeli aliiendesha vizuri kabisa. Wapo wengine kama yeye. Hatari iko kwenye kusimama na kushuka, na ukichanganya bajaji na bodaboda za mjini, mimi singemruhusu mtu aliyekwisha kuanguka aendeshe barabarani. Baiskeli iliyofungwa nyuma ili gurudumu lizunguke hewani humfaa zaidi. Matembezi ya asubuhi Raskazone ni mazuri dawa ikiwa imeshika, ila akae kwenye lami, maana mchanga laini humnyima uthabiti. Bao nalo ni mazoezi halali ya vidole, na kusoma kwa sauti kubwa, iwe gazeti au Kurani, huizuia sauti isizame.

Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, na ukutani ikazwe fimbo ya kushika. Mikeka na mazulia yanayojikunja yaondolewe njiani. Nguo ziwe za kamba na mpira badala ya vifungo. Shuka la kikoi humfaa mzee kuliko suruali. Wakati wa kula aketi wima, asizungumzishwe na chakula kikiwa mdomoni, na samaki wake achambuliwe miiba na mtu mwingine. Akianza kukohoa kila anapokunywa chai, hiyo ni dalili kwamba kumeza kunaharibika, na daktari ajue kabla ya upasuaji, si baada.

Choo kigumu hutangulia ugonjwa huu kwa miaka na hukaa nao. Kina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tumbo zito huchelewesha dawa. Maji mengi katika joto letu la Tanga, matembele, papai, na machungwa ya Muheza yaliwe pamoja na nyuzi zake badala ya kukamuliwa. Presha inayoshuka mtu anaposimama ni jambo jingine la kuangaliwa: aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kunyanyuka, na kama kusujudu na kuinuka kunampa kizunguzungu, aswali ameketi. Ikiwa alikuwa akitumia dawa za presha ya kupanda tangu zamani, daktari azipime upya.

Ramadhani inahitaji mazungumzo ya mapema. Anayetumia dozi nne au tano kwa siku hawezi kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila levodopa pasipo kujidhuru, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Najua wazee wanaona ruhusa hiyo kama fedheha. Shehe anayemwamini akizungumza naye mbele ya watoto wake, neno hilo hupokelewa vizuri zaidi kuliko likitoka kwa daktari au kwetu.

Usiku, wenza wengi huamshwa na mateke na makelele, kwa sababu mgonjwa huigiza ndoto zake. Kitanda kisogezwe mbali na meza, na daktari aambiwe. Huzuni isiyoisha nayo aambiwe. Ni sehemu ya ugonjwa, ina tiba, na isipotibiwa inaweza kuuchelewesha upasuaji wenyewe.

Kuuandaa mwili na safari

Hali ikiharibika ghafla ndani ya siku mbili tatu, usiseme Parkinson imeruka. Mara nyingi kuna maambukizi: njia ya mkojo, kifua, malaria, jino. Yatibiwe, na hali hurudi. Kwa anayengoja kufukiwa kifaa mwilini, meno mabovu na vidonda vya ngozi vinatakiwa viwe vimepona, kwa kuwa vijidudu vikifika kwenye nyaya, mara nyingi kifaa chote hutolewa. Sukari na presha ziwe zimetulia. Anayetumia aspirini, klopidogreli au warfarini aitaje mapema; zinaweza kusimamishwa kabla ya upasuaji ili kupunguza hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo, lakini anayeamua siku ya kusimamisha ni daktari.

Kabla ya kukubaliwa, mgonjwa hufanyiwa picha ya MRI, hupimwa kumbukumbu na hali ya akili, na hufanyiwa jaribio la levodopa. Katika jaribio hilo hulala bila dawa, kwa kawaida kwa muda wa saa 12 hivi, akapimwa asubuhi akiwa katika hali mbaya kabisa, kisha akapewa dozi na kupimwa tena. Vituo vingi hutaka nafuu ya angalau asilimia 30. Kwa mtu wa Tanga maana yake ni moja: asipande basi alfajiri akiwa hajameza kitu, akakaa kilomita 350 za Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam akiwa mgumu kama gogo. Asafiri siku moja kabla, akiwa na dawa zake, alale karibu na hospitali, na kukatisha dozi kuanze huko, jioni, kwa maelekezo waliyopewa. Ndani ya basi akae kiti cha mbele upande wa njia, na vidonge viwe kwenye mfuko wa shati la anayemsindikiza, siyo ndani ya begi lililofungiwa chini.

Siku hiyo yaulizwe maswali ambayo watu hukumbuka wakiwa wamesharudi nyumbani. Mnatarajia dalili ipi ipungue, na ipi ibaki? Betri ni ya kuchaji, au ni ile inayobadilishwa kwa upasuaji mdogo baada ya miaka michache, na bei yake ni ipi? La muhimu kuliko yote: nani atakipanga kifaa? Umeme wake haupangwi mara moja ukaisha. Huhitaji kurekebishwa mara nyingi katika miezi ya mwanzo, huku vidonge vikipunguzwa taratibu. Familia inayokwenda India kwa mchango wa ukoo ikarudi Tanga bila kujua ni kituo gani cha karibu chenye mtaalamu na mashine ya kukipangia kifaa cha aina ile, imenunua nusu ya tiba. Bajeti iwe na safari hizo tangu siku ya kwanza ya kuchanga, na bima iulizwe kwa maandishi inalipia nini.

Tarehe ikisogezwa, ulizeni sababu, na mwendelee na kliniki ya kawaida bila kuruka hata mara moja, kwani ratiba ya dawa ya mwezi wa tatu huenda isifae mwezi wa tisa. Na jopo la madaktari likikataa kumpasua, ombeni sababu iandikwe. Kukataliwa kwa sababu ya kumbukumbu kudhoofika au kwa sababu dawa haimsaidii ni uamuzi wa kumlinda, na kutafuta kituo kingine kitakachosema ndiyo kwa fedha ni hatari. Kukataliwa kwa sababu ya sukari, huzuni au kidonda hurekebishika, na barua hiyo ndiyo mtakayorudi nayo Bombo kuanza kazi ya kurekebisha.